Barua ya wazi kuhusu uzito wa watoto wetu: anzeni na geti la shule

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri wa Fedha, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, pamoja na wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Waheshimiwa,

Salamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Temeke. Pamoja na kufundisha, ndiye mwalimu wa afya wa shule, cheo ambacho kwa kawaida humwangukia aliyechelewa kufika kwenye kikao. Nawaandikia kuhusu uzito wa watoto tunaowafundisha, na uzito wa wazazi wao pia, maana mambo hayo mawili hayatengani.

Sina haja ya kuwashawishi kwamba tatizo lipo. Mnalitaja wenyewe kila mnaposhika kipaza sauti: presha, sukari, vitambi, vijana wanaopata kiharusi kabla hawajafika makamo. Baada ya hapo huja ushauri, nao tumeshaukariri: punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, fanyeni mazoezi, wazazi muwe makini na wanachokula watoto. Halafu msafara unaondoka. Shida yangu ni kwamba ushauri huo anapelekewa mtu asiye na mamlaka juu ya karibu chochote kinachomnenepesha mwanawe. Mama wa Mbagala haamui kinachouzwa getini, hakuwepo kiwanja kilipogeuzwa fremu za maduka, hapangi kodi ya soda, wala hana la kufanya na maandishi madogo yaliyobanwa nyuma ya pakiti ya biskuti. Hayo yako mezani kwenu, na barua hii inahusu hayo tu.

Tuwekane sawa kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Takwimu za taifa za afya ya uzazi na mtoto za mwaka 2004/05 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Mwaka 2010 wakawa asilimia 22. Mwaka 2015/16 wakafika 28. Ni karibu asilimia moja kila mwaka, na mijini hali ilikuwa karibu mara mbili ya vijijini. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Wengi wa watu hao ndio walioshika mikono ya watoto wakati wa kuwaandikisha darasa la kwanza.

Najua jibu linalokuja hapa, kwa sababu nimewahi kupewa kwenye semina: mwalimu, tuna watoto waliodumaa, wewe unatuletea habari za vibonge? Ni kweli, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema tuache kupambana na hilo. Lakini mnaolisema hilo mngekuja kukaa nami siku ya kikao cha wazazi. Mtoto mfupi kuliko umri wake na mama mwenye presha inayotokana na uzito wanatoka nyumba moja, wanakula sufuria moja. Ni chakula kilekile, wanga mwingi na mafuta, mboga kidogo, maharage mara chache, nyama ya kuonja. Kwa mtoto wa mwaka mmoja upungufu huo unazuia urefu. Kwa mtu mzima anayekaa kibandani kutwa nzima unaongeza kiuno. Na wataalamu wetu wa lishe wanalijua hili vizuri: mtoto aliyekosa lishe mwanzoni yuko kwenye hatari zaidi ya kunenepa na kupata kisukari akija kukutana na vyakula vya bei rahisi vyenye sukari na mafuta. Kwa hiyo hao waliodumaa mnaowataja ndio hasa ninaowahofia.

Kuna jambo moja la kutia moyo, nalo linapita haraka. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo wamewazidi wale wenye uzito pungufu. Maeneo mawili tu hayajafikia hapo: Asia ya Kusini na Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Maana yake bado tuna muda wa kuzuia. Nchi zinazohangaika leo zingetamani kuwa hapa tulipo.

Sasa twende getini.

Kengele ya mapumziko hulia saa nne asubuhi. Mtoto ametoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, pengine na chai ya rangi na andazi, pengine bila kitu. Mfukoni ana hela ya shule, shilingi 500, wenye bahati 1,000. Nje ya ukuta kuna meza na mabeseni yaliyopangwa toka asubuhi: chipsi zinazofungwa kwenye mfuko mdogo na kumwagiwa tomato, kalmati, kachori, bagia, barafu za mfuko zenye rangi ambayo haipo kwenye tunda lolote, pipi, biskuti, na juisi za chupa za plastiki zilizopangwa kwenye ndoo ya barafu. Kwa 500 unashiba hapo. Nimewahi kumuuliza mama mmoja anayeuza pale, mzazi wetu kabisa, kwa nini haleti matunda. Hakufikiri hata kidogo: "Mwalimu, embe likilala ni hasara yangu. Biskuti ikilala naileta kesho."

Simlaumu. Amesema kwa sentensi mbili jambo ambalo semina zetu hulizunguka siku nzima. Kinachooza ni hatari kwa mtaji wa elfu kumi na tano. Kisichooza ni salama. Kwa hiyo soko la getini, likiachwa lijiendeshe, litamlisha mtoto kisichooza, mwaka hadi mwaka, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Tuchukue soda ya kawaida ya mililita 350. Ina sukari ya takriban gramu 37, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshampita mtu mzima. Anayeinywa pale getini ni mtoto wa Darasa la Tatu.

Naomba sana, na hili nalisema mapema kwa kuwa nawajua: msije mkasoma barua hii mkatuma mgambo. Tukiamka kesho tukakuta mabeseni yamemwagwa na mama wa watu analia, mtakuwa mmeharibu riziki ya mzazi na biskuti zitarudi wiki ijayo kwa mlango wa nyuma. Ninachoomba ni sheria ndogo ya halmashauri, iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, inayosema ndani ya shule na umbali fulani kutoka getini haviuzwi vinywaji vyenye sukari, vinywaji vya kuongeza nguvu, pipi, wala vyakula vya kukaangwa kwenye mafuta mengi. Na papo hapo iseme kinachoruhusiwa: mahindi ya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, mayai, ndizi, machungwa, tikiti la kukata linalofunikwa vizuri, uji. Wauzaji waliopo sasa wawe wa kwanza kupewa nafasi na meza. Kama halmashauri inaweza kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, basi hao kina mama wa getini ndio wanawake wenyewe. Mwenye mkopo wa kununua boksi la kuhifadhia baridi hatahofia embe kulala.

Hili si jambo la kubuni. Chile tangu mwaka 2016 imepiga marufuku kuuza shuleni vyakula vyenye alama nyeusi za onyo, na matangazo yake kwa watoto pia. Mexico, nchi ambayo soda ilikuwa mezani kama maji, ilianza kutekeleza marufuku ya vyakula hivyo shuleni tarehe 29 Machi 2025. Na sisi tusijifanye hatuwezi kusimamia katazo. Mifuko ya plastiki ilizuiwa tarehe 1 Juni 2019, na watu waliosema haiwezekani wakaonekana sokoni na vikapu. Matangazo ya maziwa mbadala ya watoto wachanga nchi hii imeyabana kwa kanuni toka zamani, kwa sababu tuliamua kwamba afya ya mtoto mchanga isiachwe mikononi mwa mwenye bidhaa. Sasa mtoto huyohuyo akifika miaka saba tumemwachia nani?

Nikiwa hapohapo ukutani: kuna shule zimepakwa rangi na nembo za vinywaji, bango la jina la shule limefadhiliwa na soda, na bonanza la michezo linatolewa zawadi ya katoni za juisi. Nawaelewa walimu wakuu wanaokubali, rangi ni ghali na ruzuku ya shule ni ileile. Lakini waraka mmoja kutoka TAMISEMI ungelimaliza hili mwezi mmoja tu, pamoja na ndoo chache za rangi nyeupe.

Na chakula cha mchana. Mwongozo wa Taifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi upo toka mwaka 2020, na ni mwongozo mzuri, nimeusoma. Utekelezaji wake umeachiwa wazazi wachange kwa hiari, na katika mtaa wenye wapangaji wanaohama kila miezi sita hiari hiyo inajulikana inavyoishia. Shule chache zinapika makande au ugali na maharage, nyingine zinaishia kwenye uji, nyingine hazina kitu. Mtoto aliyekula makande saa saba mchana hana njaa ya chipsi saa tisa. Wizara ya Elimu inahesabu chakula cha shule kama jambo la mahudhurio na ufaulu. Wizara ya Afya nayo ingekihesabu kama sehemu ya kuzuia kisukari, pengine fedha zingepatikana kutoka mifuko miwili badala ya kusubiriana.

Kuhusu kupima. Mtoto akizaliwa anapewa kadi ya kliniki, na mama anajua rangi zake zote: kijani, kijivu, nyekundu. Anapimwa mwezi baada ya mwezi, na akishuka, nesi anasema. Akifikisha miaka mitano kadi inaingia kwenye sanduku pamoja na cheti cha kuzaliwa, na toka siku hiyo hakuna mtu atakayempima uzito mpaka augue. Zaidi ya hapo, macho yetu yamezoeshwa kutazama upande mmoja tu wa ile kadi. Mtoto akipanda juu kupita kiasi, mama anapongezwa.

Niliwahi kuazima mizani kutoka zahanati ya jirani na kipimo cha urefu tukakichora wenyewe ukutani, tukapima Darasa la Sita. Tulikuwa tumeelewana na mwenzangu kwamba namba hazitajwi kwa sauti, anayepima anaandika tu. Hata hivyo kulikuwa na binti mmoja, mkubwa wa mwili kuliko wenzake wote, ambaye alisubiri mpaka mstari ukaisha. Alipofika alivua viatu, akavua sweta, akatoa hata sarafu mfukoni. Akaniuliza kwa kunong'ona kama hiyo karatasi itabandikwa ubaoni. Nikamwambia hapana. Huyu ni mtoto ambaye uwanjani anaitwa bonge, na si na wanafunzi peke yao. Nimesikia watu wazima wenye dhamana ya kumlea wakimwita hivyo mstarini mbele ya shule nzima, na wakacheka.

Nataja hili kwa sababu naogopa kampeni itakayokuja kwa kelele. Mkisema shule zipime, bila kufundisha walimu namna ya kupima na kutunza siri, mtakuwa mmewapa watoto katili fimbo. Mtoto anayetaniwa huacha kucheza, na akiacha kucheza ananenepa zaidi. Kwa hiyo naomba mambo yaende pamoja: mizani na kipimo cha urefu katika kila shule, wataalamu wa afya wa kata wapime mara moja kwa mwaka, matokeo yaende kwa mzazi kwenye bahasha na jumla yake iende wilayani bila majina. Mzazi apewe na mahali pa kwenda, maana bahasha isiyo na ushauri ni matusi tu.

Na jumla hiyo ihesabiwe. Mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa husaini ni chombo chenye nguvu, nimeona jinsi unavyowakimbiza watu. Kwa sababu ya mkataba ule halmashauri zimeanza kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inafanyika hata pale ambapo zamani haikusikika. Lakini umejengwa hasa juu ya udumavu na upungufu. Mtendaji hapimwi kwa watoto wanaonenepa, basi hawaoni. Wekeni kiashiria kimoja tu cha uzito uliozidi kwa wanafunzi, kifuatiliwe kila mwaka kama vingine, mtaona jinsi maofisa lishe watakavyoalikwa kwenye vikao ambavyo leo hawaalikwi.

Michezo. Hapa nitasema kidogo kwa hasira, mnisamehe. Wengi wenu mlisoma enzi za mchakamchaka: alfajiri, vumbi, nyimbo, shule nzima inazunguka mtaa kabla ya kuingia mstarini. Shule nyingi za mjini zimeuacha, na sababu si uvivu. Barabara iliyokuwa ya vumbi sasa ina bodaboda na malori na haina njia ya miguu. Mtaala mpya umeweka somo la Sanaa na Michezo, hilo ni jambo jema, ila ratiba inajua ukweli mwingine: kwa madarasa ya mtihani, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kugeuzwa kuwa mazoezi ya Hisabati, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inawabeba wale wenye vipaji, wanachaguliwa wachache, wanaweka kambi, wanarudi na kombe. Wale wengine mamia, wakiwemo hasa wanaohitaji kukimbia, wamekaa chini ya mwembe wakishangilia.

Na kiwanja chenyewe kiko wapi? Shule za jiji hili zimemegwa. Upande wa barabara zimejengwa fremu ili shule ipate kodi, upande mwingine jirani amesogeza uzio, katikati yameongezwa madarasa ambayo kweli tuliyahitaji. Maeneo ya wazi yaliyo kwenye ramani za mipango miji, nendeni mkayatafute, mengine mtakuta ni gereji na ukumbi wa harusi. Nchi hii inajiandaa kuwa mwenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, Arusha inajengwa uwanja mpya, nami nitashangilia kama mtu mwingine. Lakini mtoto wa Tandika anahitaji mita hamsini za mchanga zisizo na gari. Kila mkurugenzi atangaze hadharani, mtaa kwa mtaa, maeneo ya wazi yaliyobaki na hati zake, na asiwepo mwenye mamlaka ya kuyabadilisha matumizi bila mkutano wa wananchi. Hilo halihitaji bajeti kubwa.

Wenye uwezo wasidhani wamepona. Watoto wa shule za binafsi wanachukuliwa na gari la shule saa kumi na moja alfajiri, wanarudi saa kumi na mbili jioni, kisha kuna kazi ya nyumbani. Hawatembei hata hatua za kwenda dukani. Wanalala saa chache, na usingizi pungufu nao ni chanzo kimojawapo cha uzito kuongezeka. Wizara ya Elimu ina uwezo wa kupanga saa ya shule kuanza.

Upande wa watu wazima, nakumbuka Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati ule, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alipozindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Lilikuwa jambo zuri na lilisukuma watu. Klabu za joging za Temeke na Mbagala zilikuwepo kabla yake na zipo mpaka leo, Jumapili asubuhi utazisikia kwa nyimbo kabla hujaziona. Ila tazameni anayekimbia. Wengi ni vijana wa kiume. Mama wa miaka arobaini anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi hana Jumamosi. Akitaka kutembea jioni, njia haina taa, na akivaa nguo ya mazoezi anapigiwa miluzi. Mpeni njia ya miguu yenye taa kutoka kwake mpaka kituo cha daladala, iliyotengwa na bodaboda, atatembea kila siku bila kampeni.

Kuna na hili la kwetu sisi wenyewe kwa wenyewe, ambalo lazima mlijue kabla hamjatengeneza mabango. Ukirudi kutoka likizo ukiwa umeongezeka, unaambiwa umependeza, mwili umekubali. Ukipungua unaulizwa unaumwa nini. Kizazi changu kimekulia miaka ya tisini, wakati mtu akikonda mtaani majirani walikuwa wanamhesabia siku. Tumezika watu waliokonda. Kwa mama aliyepita huko, mtoto mnene ni ushahidi kwamba nyumbani kwake kifo hakijaingia, na bango lenye picha ya kitambi na neno HATARI halitambadilisha. Akisikia kwa nesi anayemwamini, anayemweleza habari za miguu inayokufa ganzi na macho yanayopoteza nuru, atasikiliza. Hapo ndipo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wana kazi.

Sasa kodi, na hapa namlenga Waziri wa Fedha. Ushuru wa vinywaji baridi hapa kwetu unatozwa kwa lita. Lita yenye sukari nyingi na lita yenye kidogo, sawasawa. Mwenye kiwanda hana sababu ya kupunguza hata kijiko. Afrika Kusini walifanya vingine kuanzia Aprili 2018: gramu 4 za kwanza katika kila mililita 100 hazitozwi, kila gramu inayozidi inatozwa. Uingereza wakaanza mwezi huohuo kwa viwango viwili kulingana na sukari. Kote kuwili viwanda vilipunguza sukari kwenye chupa ili kukwepa kodi, ambalo ndilo lengo. Mexico, waliotoza peso moja kwa lita kuanzia Januari 2014, waliona ununuzi ukishuka kwa takriban asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na 9.7 mwaka wa pili.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeshataja vinywaji vyenye kaboni miongoni mwa vyanzo vya fedha za kuwagharimia wasio na uwezo. Wazo ni sahihi, lengo limekosewa kidogo. Gesi haimnenepeshi mtu. Zile juisi za chupa zinazouzwa getini kwangu hazina gesi hata tone, zina picha ya embe na sukari inayokaribiana na ya soda, na zitapita pembeni ya kipengele hicho zikicheka. Tozeni sukari, si mapovu. Mkifanya hivyo, maji ya chupa yasiyo na sukari yatakuwa nafuu kuliko juisi, jambo ambalo kwa shilingi 500 ya mtoto linaamua mengi.

Shirika la Viwango, ambalo toka mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), lingeweza kuongeza alama ya mbele ya pakiti. Si jedwali la gramu nyuma, kwa herufi za kuhitaji miwani. Alama kubwa, kwa Kiswahili: SUKARI NYINGI, CHUMVI NYINGI, MAFUTA MENGI. Mtoto wa Darasa la Pili anaweza kuisoma, na atamsomea bibi yake.

Pale hospitali ya Mloganzila wataalamu wetu sasa wanaweka puto tumboni kumsaidia mtu ambaye uzito umemzidi. Najivunia kwamba nchi imefika huko, na wanaohitaji huduma hiyo wasisimangwe. Lakini shule yangu haina kamba ya kuruka. Kati ya puto na kamba, gharama mnazijua kuliko mimi.

Najua mapendekezo ya kodi kwa mwaka ujao wa fedha hukusanywa na Wizara ya Fedha miezi mingi kabla ya Bunge la bajeti, na bajeti za halmashauri huanza kupangwa mwishoni mwa mwaka. Sheria ndogo ya geti, rangi nyeupe ukutani na orodha ya viwanja havihitaji kusubiri Bunge. Hayo naomba yaanzie kwa wakurugenzi watano wa mkoa huu, muhula ujao shule zikifunguliwa. Kama mtataka shule ya majaribio, mnayo. Mwalimu mkuu ameridhia, mwenyekiti wa kamati ya shule naye ameridhia, na yule mama wa biskuti ameniuliza hilo boksi la baridi linauzwa shilingi ngapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa afya, shule ya msingi, Temeke

Nakala: Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Shirika la Viwango Tanzania, wenyeviti wa kamati za shule, mkoa wa Dar es Salaam